UZI: Ekosaunda ilisema sentimita 30, upondo ukasema vingine. Mikondo, bamvua na nguzo zinazochimbwa baharini

#1 MpimaKina

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha karibu mwaka mzima kwa sababu aibu yangu imo ndani yake. Leo nautoa, maana kuna vijana wananiandikia kuuliza modeli za bahari, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga maji, zinafanyaje kazi, na sioni njia ya kuwajibu bila kuanzia nilipokosea mimi.

Kazi ilikuwa gati dogo kwenye mlango wa hori moja, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, pwani ya Tanga. Nguzo 24 za zege, kila moja ina upana wa sentimita 60. Waliotupa kazi siwataji, wala ofisi yangu ya wakati huo siitaji. Walitaka kujua mambo mawili tu: mkondo unapita kwa kasi gani kati ya nguzo, na mchanga ulio kwenye tako la nguzo utachimbika kiasi gani.

Tarehe ya kwenda kupima alipanga mtu anayekaa mbali na bahari, kwa kuangalia kalenda ya malipo. Tulifika bahari shwari, boti haiyumbi, nikaona bahati imetushukia. Tulianza saa kumi alasiri maji yakiwa yamekupwa kabisa. Kwa ekosaunda, kifaa kinachopima kina kwa sauti, nguzo ya mbele ilionyesha shimo la sentimita 30, nyingine hata hapo hazikufika. Nikarudi mjini na jedwali langu safi.

Modeli ilikataa. Yenyewe ilitaka shimo kubwa zaidi ya mara mbili ya hilo. Nikafanya anachofanya kila mtu mwenye tarehe ya kukabidhi kazi: nikachezea ukubwa wa chembe za mchanga, nikachezea ukakasi wa sakafu ya bahari, mpaka ikakubali 30. Ripoti ikatoka na picha za rangi, watu wakanipongeza.

Miezi mitatu baadaye tulirudi kuchukua sampuli za mchanga. Mzee wa ngalawa aliyetuvusha akaniuliza tulipima lini, nikamwambia. Hakujibu. Alichukua upondo, mti mrefu wa kusukumia ngalawa, akausimamisha ubavuni mwa nguzo ile ile ya mbele. Ukagusa pale ekosaunda iliposema ndiyo sakafu. Kisha akauegemea kidogo tu, ukaendelea kushuka. Haukugonga kitu, ulishuka kama mwiko kwenye uji, dhiraa moja na ziada, ndipo ukakwama kwenye mchanga mgumu. Alipouvuta juu, chini yote ilikuwa imepakwa tope jeusi laini linalong'aa.

"Hili kusi limelirusha humu," akasema. "Bamvua likija linalichota."

Sentimita 30 zangu zilikuwa uso wa uji. Nguzo ilikuwa imechimbwa karibu sentimita 85, shimo likafunikwa na tope ambalo halishiki nguzo hata kidogo. Ekosaunda yetu ilikuwa ya masafa ya juu, kilohezi 200, na sauti ya masafa hayo hurudi inapokutana na tope jepesi. Ya kilohezi 33 ingepenya. Tulikuwa nayo ofisini, imebaki kwenye kabati.

Karibuni kwa maswali na matusi.

---

#2 Fundi_Zege

Matusi hapana mkuu, ila umenithibitishia nilichokuwa nasema siku zote. Hizo modeli ni picha za rangi za kuombea hela. Mimi nimesimika nguzo miaka 20. Unazamisha mpaka unagonga mwamba, basi. Maji yachimbe yanavyotaka.

---

#3 MpimaKina

@Fundi_Zege, ukigonga mwamba sina ubishi na wewe. Shida inaanza mwamba ukiwa mita 25 chini na mteja ana hela ya nguzo ya mita 12. Hapo nguzo inashikiliwa na mchanga unaoizunguka peke yake. Kila sentimita inayochimbwa ni sentimita ya mshiko iliyopotea, na hapo hapo nguzo inakuwa ndefu zaidi juu ya sakafu, kwa hiyo wimbi au boti ikiigonga inayumba zaidi. Unapoteza pande mbili kwa mpigo.

Halafu modeli si lazima iwe picha ya rangi. Ya kwanza kabisa unaifanya kwenye simu yako. Chukua hori yenye eneo la kilomita za mraba 2. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapanda na kushuka kama mita 3. Hiyo ni mita za ujazo milioni 6 zinazotakiwa kupita mlangoni ndani ya saa 6 na dakika 12 hivi. Gawanya, unapata wastani wa mita za ujazo 270 kwa sekunde. Mkondo hauendi kwa kasi moja, unapanda na kushuka, kwa hiyo kileleni zidisha kwa 1.57: kama 420. Kama mlango una eneo la mita za mraba 400 za maji, kasi ni mita 1.05 kwa sekunde.

Sasa weka maji mafu, siku za kati ya bamvua na bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 1. Kasi inakuwa sentimita 35 kwa sekunde. Theluthi moja.

Theluthi si jambo dogo. Mchanga unaosombwa haufuati kasi, unafuata kasi iliyozidishwa mara tatu kwa yenyewe, na mara nyingine zaidi ya hapo. Kasi mara 3 ni mchanga mara 27. Na mchanga laini wa pwani yetu hauanzi kutembea mpaka mkondo ufike kama sentimita 40 kwa sekunde. Maana yake siku niliyokwenda mimi, ambayo ilikuwa ya maji mafu, mchanga wa hori ulikuwa umelala usingizi. Nilikwenda kumpima mwizi siku yake ya mapumziko.

---

#4 BabaRukia

Vijana nimewasoma. Mimi nilikuwa nahodha wa jahazi, Tanga, Pemba, Unguja, mpaka macho yalipochoka. Modeli siijui ila nina neno moja.

Wewe MpimaKina umeandika mlianza kupima saa kumi alasiri maji yamekupwa. Hapo hapo nikajua ni maji mafu, sikuhitaji kusoma mbele. Pwani hii mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kesho yake na keshokutwa, maji yanajaa saa kumi na yanakupwa saa nne. Mchana hivyo na usiku hivyo. Ukiona yamekupwa saa kumi, bamvua limekwisha, umebaki na maji yasiyokuwa na nguvu. Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajaenda shule. Ofisini kwenu hapakuwa na mtoto wa pwani?

---

#5 MpimaKina

Shikamoo mzee wangu. Alikuwepo, ndiye mimi. Ndiyo maana nikasema aibu.

---

#6 HesabuTupu

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa nne. Naomba kufafanuliwa. Kama modeli ya mikondo inajua kasi kila mahali, kwa nini isionyeshe yenyewe shimo la kila nguzo? Nimejaribu kwenye Delft3D, programu ya modeli za mikondo, mchanga unasogea vizuri mlangoni lakini kwenye nguzo hakuna kitu. Nguzo zenyewe hata hazionekani.

---

#7 MpimaKina

@HesabuTupu swali zuri, na hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Modeli yako ni wavu. Kila tundu la wavu lina kina kimoja na kasi moja. Tundu lako lina mita ngapi, 20? 50? Nguzo ya sentimita 60 ndani ya tundu la mita 20 ni kama punje ya mchele kwenye ungo. Ukisema upunguze tundu, saa inakukamata: kwenye maji ya kina cha mita 10 wimbi la kujaa linakwenda karibu mita 10 kwa sekunde, na programu nyingi zinakutaka hatua ya muda ndogo kiasi kwamba wimbi lisiruke tundu zima kwa hatua moja. Tundu la nusu mita kwa hori yote na mwezi mzima wa bamvua mbili, kompyuta yako itazeeka kabla hujamaliza.

Lakini hata ukiwa na kompyuta ya ajabu, kuna jambo la pili, nalo ndilo kubwa. Modeli nyingi za namna hiyo zinachukua wastani wa kasi kutoka juu mpaka chini, zinafuata milinganyo ya Saint-Venant ya mwaka 1871. Kinachochimba nguzo hakimo kwenye wastani. Maji yanayogonga uso wa nguzo yanakosa pa kwenda, sehemu yanashuka chini yakifuata nguzo, yanafika sakafuni, yanajikunja kurudi nyuma, kisha yanaburutwa pande mbili za nguzo. Ukitazama kwa juu, kisulisuli hicho kina umbo la kwato ya farasi. Ndicho koleo. Ubavuni mwa nguzo nako maji yanakimbia karibu mara mbili ya mkondo wa kawaida, kwa hiyo nguvu ya kukwaruza mchanga inafika mara nne. Ndiyo sababu shimo linaanza kuchimbika hata mkondo ukiwa nusu tu ya ule unaotakiwa kusogeza mchanga mahali peupe.

Kwa hiyo watu wa kazi hii wanagawa. Modeli kubwa (Delft3D, TELEMAC, MIKE 21, chagua) inakupa kasi na kina mlangoni saa kwa saa. Mipakani kule baharini unailisha maji kujaa na kupwa kutoka modeli za dunia nzima kama TPXO au FES. Kasi ukishaipata unaipeleka kwenye kanuni ya nguzo. Inayotumika sana kwa mkondo inasema shimo likikomaa lina kina cha upana wa nguzo mara 1.3. Vipimo vya maabara vilivyoizaa vimetawanyika kiasi cha 0.7 juu na chini, kwa hiyo mtu mwangalifu anaruhusu mara 2. Kwa nguzo yangu: sentimita 78, ruhusu mpaka 120. Upondo ulisema 85.

Yaani kanuni ya mstari mmoja ilikuwa sahihi, na mimi mwenye leseni ya programu nikailazimisha iseme uongo.

Sasa yule mzee na kusi lake. Wimbi la upepo si sawa na mkondo. Mkondo unasukuma upande mmoja saa sita, kisulisuli kinapata muda wa kujikunja. Wimbi la sekunde 8 linakwenda na kurudi, kisulisuli hakijazaliwa limeshageuka. Ukiipigia hesabu nguzo ya sentimita 60 kwa wimbi linalosogeza maji nusu mita kwa sekunde pale sakafuni, shimo linalotakiwa ni karibu sifuri. Kwa hiyo wiki ya maji mafu yenye mawimbi ya kusi, bahari inakuwa na kazi ya kujaza mashimo yaliyochimbwa na bamvua. Inayajaza kwa kitu chepesi kilicho karibu, na mlangoni mwa mto kitu hicho ni tope.

Kosa dogo la kuepuka, nalisema haraka: hakikisha kina chako na usawa wa vipimo vya nchi kavu vinaanzia sifuri moja. Chati za bahari zinahesabu kuanzia maji ya chini kabisa, ramani za ardhi kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Kwetu hapo kuna tofauti ya karibu mita 2. Nimeona gati limezama kwenye modeli likiwa halijajengwa.

---

#8 Mwanapwani254

Mambo ni hayo. Mimi niko Mombasa, si mhandisi, nauza vipuri vya boti. Swali langu ni la kawaida tu: mbona msimwage mawe mazito pale chini ya nguzo, mambo yaishe? Pesa ya modeli mnunue mawe.

---

#9 Fundi_Zege

Huyu ndiye mtu wangu.

---

#10 MpimaKina

@Mwanapwani254 mawe yanafanya kazi, na yamewekwa dunia nzima. Ila yana tabia zake.

Ukimwaga mawe makubwa moja kwa moja juu ya mchanga laini, maji yanapita kati ya mawe na kunyonya mchanga kupitia mianya. Jiwe linazama. Mwaka ujao unamwaga mengine, nayo yanazama. Ndiyo maana chini yake hutangulia tabaka la kokoto au kitambaa cha kuchujia. Pili, rundo la mawe nalo ni kizuizi, na maji yanachimba ukingo wake. Kule Uingereza kuna shamba la upepo la Scroby Sands, nguzo 30 zenye upana wa mita 4.2, zilisimikwa mwaka 2003 na 2004 kwenye fungu la mchanga lenye mikondo mikali. Mashimo yalipita mita 5. Wakaweka mawe, na bahari ikahamia pembeni ya mawe.

Lakini kisa ninachowasimulia vijana kila mara ni cha Malahide, Ireland, kaskazini mwa Dublin. Kuna daraja la reli linalovuka mlango wa hori, reli ya Dublin kwenda Belfast. Daraja la kwanza pale ni la mwaka 1844, la mbao. Nguzo za mawe zilikuja baadaye. Sasa nguzo zile hazikuzamishwa mpaka kwenye mwamba. Zilikaa juu ya tuta la mawe lililomwagwa kukatisha mlango wote. Maji ya hori yakitoka wakati wa kupwa yanapanda tuta kisha yanaporomoka upande wa bahari kama maporomoko madogo, mara mbili kila siku.

Wazee wa reli walijua kwamba tuta linaliwa, kwa hiyo kila baada ya muda walimwaga mawe mengine. Miaka ikapita, wazee wakastaafu, na pamoja nao ikaondoka habari kwamba nguzo zimesimama juu ya mawe yanayohitaji kuongezwa. Waliofuata walikagua nguzo kama nguzo: zina nyufa? hazina.

Agosti 2009 kiongozi mmoja wa maskauti wa majini, mtu anayeyaona maji yale siku zote, alitoa taarifa kwamba maji yamebadilika pale kwenye nguzo. Mhandisi akaja tarehe 18, akatazama, hakuona cha kutisha. Tarehe 21 jioni nguzo ya 4 ikaanguka na mita kama 20 za reli. Dereva wa treni iliyokuwa inapita aliona njia inazama, akavuka, akatoa taarifa, treni nyingine zikasimamishwa. Hakuna aliyeumia. Reli ilifunguliwa tena Novemba.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mombasa, nunua mawe. Ila nunua na daftari la kuandika yamewekwa lini, mangapi, na nani atarudi kuyahesabu.

---

#11 BabaRukia

Huyo wa maskauti ndiye mzee wako wa upondo.

---

#12 Mkulima_wa_Mwani

Assalaam alaykum. Mie nipo Unguja, upande wa mashariki, nalima mwani. Nimesoma huu uzi tokea jana usiku, mengi yamenipita kichwani ila hili la shimo mbona sie tunaliona kila bamvua? Maji yakikupwa, kila kigingi kina kibakuli cha maji kwenye mguu wake. Watoto wanatafuta kaa humo. Sikuwahi kufikiri kama kina hesabu. Vigingi vyangu vina unene kama wa vidole viwili, mtaalamu utaniambia shimo lake liwe kiasi gani?

---

#13 MpimaKina

Wa alaykum salaam dada. Umeniamsha kitini.

Vidole viwili tuseme sentimita 4. Zidisha 1.3, ni sentimita 5 na kidogo. Ukiruhusu tawanyiko, 2 na nusu mpaka 8. Kabla sijasema zaidi, nakuomba ukapime wewe. Chagua vigingi vilivyosimama peke yake, visivyo na kamba zilizojaa mwani, kwa sababu mwani unapunguza kasi ya maji na utakudanganya. Pima mara tu maji yanapokiacha kigingi, kabla kingo za kibakuli hazijaporomoka. Na uangalie kitu kimoja: shimo ni refu zaidi upande gani, wa nchi kavu au wa baharini, na mkia wa mchanga umelala upande gani?

---

#14 HesabuTupu

Kwa nini upande una maana?

---

#15 MpimaKina

Kwa sababu mkondo wa kujaa na wa kupwa haulingani. Kwenye hori zenye mikoko mingi, kwa mfano, maji yakijaa sana yanatawanyika ndani ya mikoko na kuchelewa kutoka, halafu yanatoka kwa kishindo. Mkondo wa kupwa unakuwa na kasi kuliko wa kujaa. Mahali pengine ni kinyume. Mchanga unafuata aliye na nguvu, na kwa ile hesabu ya mara tatu, tofauti ndogo ya kasi inatosha kuuhamisha mchanga mwaka mzima kuelekea upande mmoja. Modeli ikikosea hilo, hata kama kasi zake zote ziko karibu na ukweli, itakujengea fungu mahali ambapo bahari inachimba.

Vifaa vya kupima mkondo kwa sauti ni ghali, unaweka kimoja au viwili. Dada ana vigingi mamia.

---

#16 Fundi_Zege

Haya, nimekaa kimya nasubiri vidole vya dada.

---

#17 Mkulima_wa_Mwani

Nimerudi. Bamvua hili tumeshuka saa tatu na nusu. Nimepima kumi na mbili, kwa rula ya mwanangu ya skuli. Kile chenye shimo dogo sentimita 3, kikubwa 7, vingi viko kwenye 5 au 6. Viwili nimeviacha, vimesimama karibu na jiwe.

Shimo limeingia zaidi upande wa nchi kavu, na mkia wa mchanga umelala kuelekea baharini. Vyote kumi na mbili.

Ila kuna kigingi kimoja nje ya hivyo kumi na mbili, kile cha mwisho karibu na mkondo mkuu, kilikuwa hakina shimo kabisa, mchanga umelingana. Nikakumbuka upondo wa yule mzee. Nikatia kidole. Kikaingia chote.

---

#18 MpimaKina

Dada, wiki ijayo ya maji mafu naomba uvipime tena hivyo hivyo kumi na mbili. Maji yatakupwa saa kumi alasiri, hayatakauka sana, utasimama kwenye maji ya magoti. Rula acha nyumbani, chukua kijiti.